Msimpime Mbunge kwa Mabati

Wajukuu zangu wa Rwamgasa, mkoani Geita, ninyi mnaoshinda maduarani, ninyi mabinti mnaoponda mawe na kuwapikia wachimbaji, na ninyi wa bodaboda mnaokwenda Katoro na kurudi tangu alfajiri, leo nina neno nanyi kuhusu mbunge. Msinitazame kwa wasiwasi, sina mgombea mfukoni. Uzee umenipa ruhusa ya kusema bila kuomba kura.

Nawasikia mkibishana vijiweni. Mmoja anamsifu fulani kwa mabati ya zahanati. Mwingine anasema yule wa zamani alikuwa mtu wa watu, alileta jezi, na msibani alifika na rambirambi nono. Wa tatu anatoa simu, anaonyesha kipande cha video mheshimiwa akipaza sauti bungeni, na hapo ubishi unakwisha. Sijamsikia hata mmoja akisema mheshimiwa aliuliza swali gani, waziri alijibu nini, akaahidi kumaliza lini, na baada ya hapo nani alifuatilia. Mnanishangaza, kwa sababu hakuna kati yenu anayenunua mfuko wa mawe kwa kuutazama. Mnachukua sampo, mnaponda, mnaosha kwenye karai, mnaangalia dhahabu imekaaje, ndipo mnataja bei. Mtu wa kumkabidhi miaka mitano mnampokea kwa macho.

Fungueni Katiba, Ibara ya 63. Imeandikwa pale kazi ya Bunge ni ipi: kumwuliza waziri maswali, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya taifa, kutunga sheria, na kuridhia mikataba ya kimataifa. Mabati hayamo, wala jezi. Na hayo mabati mengi mnayoyapigia vigelegele hutoka kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha ni ya Serikali, na Mkaguzi Mkuu ana haki ya kuikagua. Mnamshukuru mtu kana kwamba ameuza ng'ombe wa baba yake, naye anapokea shukrani bila kuwasahihisha.

Kuna kijana aliniuliza juzi, tena kwa adabu, "Babu, mbunge wetu amepeleka miswada mingapi?" Nilifurahi, maana ni swali la mtu aliyeanza kuamka. Ila jibu lake lina mtego. Kwetu Tanzania miswada karibu yote inatoka serikalini. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kupeleka muswada binafsi, lakini njia ni ndefu, na Ibara ya 99 ya Katiba inamfunga mkono: jambo la kuweka kodi, kubadilisha kodi kwa namna nyingine isipokuwa kuipunguza, au kutumia fedha ya Mfuko Mkuu wa Hazina haliendi bungeni mpaka Rais apendekeze na waziri awasilishe. Kwa hiyo mbunge wa wachimbaji akitaka kuwatengea fedha ya Hazina kwa muswada wake mwenyewe, hawezi. Mkimhukumu kwa miswada peke yake, mtakuta karibu wote wamepata sifuri, na mvivu atajificha nyuma ya mchapakazi.

Wenzetu wa Kenya wana historia nyingine. Mfuko wao wa majimbo wa mwaka 2003 ulitokana na juhudi za mbunge mmoja wa Ol Kalou, Muriuki Karue, nasi tukaja kuwa na wa kwetu miaka sita baadaye. Mwaka 2016 mbunge wa Kiambu, Jude Njomo, alifanikisha sheria ya kuzibana benki kwenye riba. Watu walishangilia, kisha benki zikaanza kuwakwepa wakopaji wadogo, na kufikia 2019 kile kikomo kilikuwa kimefutwa. Ndiyo maana nawaambia kuwa hata muswada uliopita haujamaliza hesabu. Ulizeni umemfikisha wapi mtu wa chini.

Sasa nataka kuwarudisha kwetu, kwenye ukanda huu wa dhahabu, maana hapa ndipo palipotokea somo kubwa kuliko yote, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni.

Februari 2007 waziri wa nishati na madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, akiwa London. Wakati huo serikali yenyewe ilikuwa imeahidi kuipitia upya mikataba ya madini. Agosti mwaka huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, kijana wa miaka 30 wa chama cha upinzani, alisimama na hoja binafsi. Tofautisheni hapo: hoja binafsi si muswada. Haitungi sheria. Inaliomba Bunge liazimie jambo, na yeye aliomba iundwe kamati teule ichunguze mkataba ule. Hoja ilikataliwa, na mwenye hoja akasimamishwa kuhudhuria Bunge hadi Januari 2008.

Mtu wa kuhesabu alama angeandika: hoja moja, imeshindwa, adhabu moja. Angefunga daftari, naye angekuwa amekosea. Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya kuipitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na yule yule aliyesimamishwa bungeni akateuliwa kuwa mjumbe. Wa ukanda wetu pia walikuwemo: John Cheyo wa Bariadi Mashariki, wakati ule Bariadi ikiwa bado Shinyanga, na Ezekiel Maige wa Msalala. Kamati ilitoa taarifa mwaka 2008. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi badala ya ile iliyobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake. Mwaka 2017 zikaja sheria nyingine tatu, mrabaha ukafika asilimia 6, na Serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Miaka kumi tangu hoja iliyoshindwa. Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya yote hayo. Nasema kwamba ukitaka kujua rekodi ya mbunge, lishike jambo moja ulifuate mpaka liishie, hata kama njiani limebadilisha mikono.

Na kuna swali linaloniwasha hadi leo. Aliyesimama kwa ajili ya Buzwagi alitoka Kigoma. Wabunge wa huku, ambako shimo lilichimbwa, walisema nini siku ile? Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya maneno ya bungeni, ya Agosti 2007 ipo. Katafuteni wenyewe, msingoje mimi niwasimulie, maana mzee naye ana upendeleo wake.

Sheria zile za 2017 zina somo lingine ambalo halipendezi kulisema. Zilipelekwa kwa hati ya dharura na kupitishwa ndani ya siku chache, mwanzoni mwa Julai. Jambo lililowahusu wachimbaji wa nchi nzima liliwasilishwa, likajadiliwa na kupita kabla watu wa Geita hawajajua hata jina la muswada. Nyingi ya zile hatua naziunga mkono hadi leo. Lakini sheria nzuri ikipita mbio, hata mbaya itapita kwa mwendo ule ule, na mbunge asiyelalamikia haraka ile anastahili alama mbaya kwenye daftari lenu.

Haya, tuje kwenye jambo linalogusa mifuko yenu. Januari 22, 2019, Rais Magufuli alikutana na wachimbaji na wafanyabiashara wa madini Dar es Salaam. Wachimbaji wadogo wakalia na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5. Februari mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho, kodi zile zikaondolewa kwa mchimbaji mdogo. Machi 17 soko la dhahabu la Geita likafunguliwa, na aliyeuza pale wakati ule alikatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma asilimia 0.3.

Tangu hapo nimewasikia jukwaani watu zaidi ya mmoja wakisema, "Mimi ndiye niliyewaondolea kodi." Mnapiga makofi. Hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: ulisema nini kwenye mjadala wa Februari? Ulipeleka jedwali la marekebisho? Kabla ya Rais kuwaita wachimbaji, uliwahi kuuliza swali kuhusu zile asilimia 18? Kama alifanya, majibu yapo kwa maandishi na anastahili heshima yake yote. Kama hakufanya, basi amejipamba kwa jasho la wachimbaji waliokwenda kulia mbele ya Rais.

Hapo nimetaja jedwali la marekebisho, nalo msilipite. Kwa mbunge wa kawaida wa Tanzania, pale ndipo utungaji wa sheria ulipo hasa. Muswada wa Serikali unapofika kwenye Kamati ya Bunge Zima, mbunge anaweza kuwa amepeleka jedwali akitaka kifungu fulani kifutwe, kiongezwe neno, au kiwango kipunguzwe. Anasimama, anakitetea, anashinda au anashindwa, na yote yanaandikwa. Kadhalika wakati wa bajeti ya wizara. Mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, akadai hoja yake ijibiwe. Ulizeni wa kwenu aliishika mara ngapi, kwa jambo gani, na aliirudisha baada ya maelezo gani. Wapo wanaoishika asubuhi kwa kishindo na kuiachia kwa tabasamu la waziri. Kinyume chake ni yule wa "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja". Nimesoma michango ya namna hiyo: dakika za kwanza shukrani kwa Mungu, kwa Rais, kwa Spika, kwa familia, za mwisho kuunga mkono, katikati jina la kata mbili tatu. Ukihesabu, naye amechangia.

Kwa hiyo hesabu bila kusoma ni hatari. Kenya kuna taasisi ya Mzalendo, inafuatilia wabunge tangu mwaka 2005 hivi, inaonyesha nani kasema nini na mara ngapi. Ni kazi njema, na natamani tuwe na kitu kama hicho kwa kila jimbo letu. Lakini mbunge akijua anahesabiwa maneno, ataongeza maneno. Ninyi mnaojua mawe mnaelewa tofauti ya tani na gramu.

Sasa, mnapataje haya? Bunge lina tovuti, na Hansard ziko humo kwa Kiswahili, siku kwa siku. Mna simu kubwa kuliko redio yangu. Chukueni mkutano mmoja, tafuteni jina la mbunge, someni swali lake na jibu la waziri. Jibu likisema Serikali itatekeleza "fedha zitakapopatikana", andikeni tarehe. Kisha nendeni mkutano unaofuata mtazame kama alirudi na swali lile au alikwenda kwenye jingine. Mtu anayeuliza barabara leo, maji kesho, umeme kesho kutwa, na harudi kwenye lolote, huyo anaonekana tu. Someni pia taarifa za kamati yake ya kudumu, maana kazi kubwa hufanyika kamatini kabla kamera haijawashwa. Na mjue kuwa Katiba, Ibara ya 71, inasema mbunge asipohudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, anapoteza kiti. Kuhudhuria ndiyo alama ya chini kabisa, msiifanye sifa.

Mtakutana na ukuta mmoja. Miswada na maazimio mengi hupitishwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na anayeongoza kikao anatangaza walioshinda. Hakuna jina. Mheshimiwa anaweza kusema ndiyo kule Dodoma na akaja hapa kusema alikataa, nanyi hamna pa kumshika. Ila kila Juni, kwenye bajeti kuu, wabunge huitwa mmoja mmoja kwa jina na kila mmoja anajibu kwa sauti yake. Ile haifichiki. Wengi husema ndiyo, na Katiba nayo inawakumbusha kuwa bajeti ikikataliwa Rais anaweza kulivunja Bunge. Hata hivyo kila mtu ana jibu lake kwenye maandishi, na Muswada wa Sheria ya Fedha unaofuatana na bajeti ile ndio unaopanga mtakatwa nini sokoni. Kamati ya Bajeti hualika maoni ya wadau kabla. Vyama vya wachimbaji visipoandika barua wakati ule, kulia mwezi Agosti ni kujitesa.

Chukueni na zebaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja hapa hapa Rwamgasa kupima madhara yake kwa watu, maji na udongo. Mwaka 2020 Tanzania iliingia rasmi kwenye Mkataba wa Minamata, unaoidai nchi ipunguze matumizi ya zebaki kwenye uchimbaji mdogo na, inapowezekana, iyaondoe. Kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, nimewaambia. Basi mbunge wa mahali palipopimwa alisema nini? Alidai teknolojia mbadala kwa mchimbaji asiye na mtaji, au alinyamaza akaacha ninyi mje kukamatwa na kemikali mikononi? Hili ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa na macho yenu.

Mjue pia jimbo lenu. Rwamgasa imezoea kuitwa Busanda. Wazee wenzangu wanaukumbuka uchaguzi mdogo wa Mei 2009, Lolesia Bukwimba alipoingia bungeni, jinsi magari ya vyama yalivyotimua vumbi hapa kuliko mwaka wowote. Mwaka 2025 majimbo ya nchi yaliongezwa kutoka 264 hadi 272, na Busanda ikagawanywa, likazaliwa jimbo la Katoro. Jimbo likigawanyika, ahadi za zamani hukosa baba: huyu anasema ni za yule, yule anasema ni za huyu. Ziandikeni mapema ahadi za kabla ya mgawanyo, na kila moja iwe na tarehe na mahali iliposemwa.

Rekodi ya mbunge ina nusu nyingine ambayo haiko Dodoma. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, na halmashauri yetu ya wilaya inakaa Nzera. Mle ndimo hujadiliwa ushuru wa huduma na fedha za miradi ya jamii ambayo migodi mikubwa, kwa sheria, hutakiwa kukubaliana na halmashauri. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Mara ngapi mheshimiwa alikaa mle? Mihtasari itasema. Mkinyimwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: andikeni ombi kwa maandishi, mtunze nakala, wana siku 30 za kujibu.

Nimebakiza onyo la mwisho, na hili ni la kuwalinda ninyi. Tangu Januari 2016, TBC ilipoacha kurusha mijadala mizima ya Bunge moja kwa moja, tumezoea kulishwa vipande. Kipande hukatwa na mtu mwenye nia yake. Msisambaze maneno ya mheshimiwa ambayo hamjayaona kwenye Hansard, wala picha iliyochezewa, wala karatasi ya kura isiyo na chanzo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mzaha na taarifa za uongo, na wapo watakaofurahi kuwaona mkiteleza ili wote mnyamaze. Tajeni tarehe, mkutano na kikao. Msimtukane mtu. Someni maneno yake mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kisha mkae. Atakayekasirika atakuwa anabishana na kitabu cha Bunge. Na akija mtu na bahasha baada ya kusikia mnaandika daftari, mjue daftari limeanza kufanya kazi, msilifunge.

Msingoje mwaka wa uchaguzi. Chagueni wawili watatu kati yenu wanaopenda kusoma, tena msiwaache mabinti nyuma, wagawane mikutano ya Bunge ya mwaka mmoja. Wakutane na wenzao mara moja kila baada ya mkutano kwisha, wasome walichokuta. Anzeni na Hansard ya Juni iliyopita, siku ya kura ya bajeti. Jina la mbunge wenu limo, na mbele yake limeandikwa jibu lake.